Taya na Teminali: Uchaguzi wa Krimpa ya Waringi wa Magari

Krimpa ni koleo la kubana teminali kwenye waya kwa nguvu inayotosha kuifanya shaba ya vitu viwili ikae kitu kimoja. Mkononi hukaribiana na plaizi kwa umbo, lakini kazi zao ziko mbali. Plaizi hushika, krimpa hufinyanga. Mrija wa teminali ukibanwa sawasawa, nyuzi za waya hupoteza uduara wake, hujazana mpaka hewa iliyokuwa kati yake itoke, na utando mwembamba uliozifunika hupasuka, shaba safi ikakutana na shaba safi. Kiungo cha namna hiyo hakiingizi hewa wala unyevu. Ndiyo maana teminali zilizobanwa kiwandani Japani hukutwa bado imara ndani ya gari lililokwisha kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa, ilhali kiungo kilichoongezwa mwaka jana na fundi wa redio kimeshaota kutu ya kijani.

Teminali iliyobanwa kwa plaizi, au kupondwa kwa nyundo juu ya chuma, nayo huonekana kwa nje kuwa imekaza. Ndani, nyuzi hugusa mrija sehemu chache tu, na nafasi zinazobaki huwa njia ya unyevu. Ukinzani hupanda polepole. Taa ya mbele ya H4 yenye wati 60 huvuta takriban ampea 5; kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.2 huila volti 1 nzima kabla umeme haujaifikia balbu. Mwanga wa balbu hizi za halojeni hushuka haraka kuliko volti: sehemu moja ya kumi ya volti ikipotea, karibu theluthi ya mwanga huondoka nayo. Mwenye gari atabadilisha balbu, kisha holda, kisha ataambiwa altaneta imechoka, na tatizo litabaki palepale, nyuma ya tepu nyeusi. Kwa upande wa stata hesabu ni kali zaidi. Ikivuta ampea 150, omu 0.01 tu kwenye lagi ya betri hupoteza volti 1.5 na kuzalisha joto la wati 225 mahali pamoja.

Ufundi huu ulikomaa kwenye ndege kabla ya magari. Mwaka 1941 mhandisi Mmarekani U. A. Whitaker alianzisha kampuni ya Aircraft-Marine Products, iliyojulikana baadaye kwa jina la AMP, ili kutengeneza teminali zisizohitaji kulehemiwa kwa matumizi ya ndege na meli. Mfanyakazi aliweza kufundishwa kubana kwa muda mfupi, na kiungo cha mia kikatoka sawa na cha kwanza, ahadi ambayo risasi ya kulehemu haiwezi kuitoa. Kampuni haikuuza teminali peke yake. Iliuza teminali pamoja na koleo lililoundwa kwa ajili ya teminali hiyohiyo, na watengenezaji wakubwa wa soketi za magari wanafanya hivyo mpaka leo: kila ukoo wa teminali una chombo chake kinachotajwa kwa namba kwenye karatasi ya maelezo. Hapo ndipo penye kiini cha uchaguzi wote. Teminali hutangulia, krimpa hufuata. Anayeingia dukani akiuliza krimpa nzuri bila kujua atabana teminali gani ameuliza swali lisilo na jibu, na muuzaji atamjibu kwa bei.

Katika gereji nyingi za Dar es Salaam desturi iliyorithiwa ilikuwa ya kulehemu. Ina asili yake. Magari ya Kiingereza yaliyotawala barabara kwa muda mrefu, Land Rover na Bedford yakiwemo, yalikuja na vifaa vya umeme vya Lucas, na vichwa vingi vya mviringo vya nyaya zake vililehemiwa. Mwanagenzi aliyelelewa na fundi wa kizazi hicho alifundishwa kwamba kiungo kisicho na risasi ni kazi ya mvivu. Mwandishi wa makala haya alilelewa katika fundisho hilo, na lililokuja kulivunja ni lori la mizigo la njia ya Tunduma. Taa zake za mbele zilizima kila lilipoingia kwenye mchepuko wa vumbi na kuwaka zenyewe lilipopanda lami. Rilei ilibadilishwa, swichi ilibadilishwa, fyuzi zilisafishwa. Viungo vya nyaya vilipimwa kwa mita gari likiwa limesimama, na vyote vilionekana vizima. Hatimaye ganda la waya mmoja lilichanwa kwa wembe kuanzia kwenye kiungo kilicholehemiwa. Nyuzi zote zilikuwa zimekatika katika mstari mmoja, umbali mdogo tu kutoka mahali risasi ilipowekwa, na ganda la plastiki ndilo lililokuwa likizishikilia ncha zigusane.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Risasi iliyoyeyuka haitulii pale ilipowekwa. Hupanda katikati ya nyuzi, ikaingia chini ya ganda na kuganda huko. Waya unaonyumbulika hugeuka fimbo. Mtikisiko wa gari unapofika mahali fimbo inapoishia na ulaini unapoanza, waya hupindika katika nukta hiyo moja maelfu ya mara, na nyuzi hukatika mmoja baada ya mwingine. Mtindo wa kuchovya ncha ya waya kwenye risasi kabla ya kuibana nao hauna faida unayodhaniwa kuwa nayo. Risasi ni laini, hutiririka taratibu chini ya shinikizo hata ikiwa baridi, na teminali iliyokuwa imekaza siku ya kwanza hulegea. Kulehemu kuna mahali pake, hasa kwenye bodi za vifaa vya elektroniki zilizofungwa imara ndani ya visanduku vyake. Waya unaoning'inia karibu na injini si mahali pake.

Teminali nyingi zinazokutwa ndani ya soketi za Toyota, Nissan au Mitsubishi ni za mrija wazi, na hizi ndizo zinazostahili kufahamika kwa undani kwa sababu ndizo zinazoharibiwa zaidi. Teminali ya mrija wazi ina jozi mbili za mabawa. Jozi ya mbele, iliyo fupi, hushika shaba. Ya nyuma, iliyo ndefu, hushika ganda la waya. Kazi ya jozi ya nyuma ni kubeba mtikisiko ili usifike kwenye shaba, na kiungo chenye mabawa ya nyuma yaliyoachwa wazi ni nusu ya kiungo. Taya za krimpa yake zina vitanda viwili vyenye mifereji iliyopinda. Mabawa yakisukumwa juu hufuata mifereji hiyo, yakajikunja kuelekeana na kupiga mbizi katikati ya nyuzi, hata kiungo kikikatwa na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia, nyuzi huonekana zimeshikamana mithili ya sega la nyuki, bila tundu hata moja la hewa.

Kiungo cha namna hii husomeka kwa macho. Mbele ya mabawa ya shaba, ncha za nyuzi huchungulia kidogo. Kati ya jozi mbili za mabawa huonekana shaba na ganda kwa pamoja, ushahidi kwamba waya umeingia kwa kina kinachofaa na kwamba ganda halikubanwa mahali pa shaba. Upande wa nyuma wa mabawa ya shaba, mdomo wa mrija hupanuka kidogo ili ukingo wake usikate nyuzi. Mabawa hukutana katikati bila upenyo na bila moja kulipanda jingine. Vigezo hivi vimeandikwa katika IPC/WHMA-A-620, kiwango cha kazi za nyaya kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, lakini hakuna haja ya kukinunua ili kuvitumia. Inatosha kuchomoa teminali moja ya kiwandani kutoka kwenye soketi ya gari lililokufa na kuiweka mezani kando ya iliyobanwa gerejini.

Ukubwa wa taya lazima ulingane na teminali. Soketi za Yazaki na Sumitomo, zinazojaa katika magari ya Kijapani, hutambulishwa kwa upana wa ulimi wake: namba 090 ni ulimi wa milimita 2.3, na 250 ni wa milimita 6.3. Namba hizo ni sehemu za elfu za inchi. Krimpa inayoitosheleza 250 huiacha 090 ikiwa legelege, na ya 090 huikata 250. Kwa teminali ndogo, makoleo madogo ya kampuni ya Engineer ya Japani, kama PA-09, yana vitanda kadhaa vilivyopangwa kwa upana na huheshimika sana ingawa hayana racheti. Humtaka fundi abane shaba na ganda kwa awamu mbili na mkono wake uwe umezoea. Krimpa za Kichina zenye alama ya SN-28B zinauzwa kila mahali na ni nzuri kwa kilichokusudiwa, yaani nyaya nyembamba zisizozidi takriban milimita mraba 1. Kuzitumia kwa waya wa taa za mbele ni kuzionea.

Teminali zenye koti la plastiki ni jamii nyingine kabisa, na taya zake ni nyingine. Rangi ya koti hutaja waya: nyekundu ni kwa milimita mraba 0.5 hadi 1.5, buluu ni 1.5 hadi 2.5, njano ni 4 hadi 6. Krimpa yake ina vitanda laini vyenye nukta za rangi hizohizo, na pande zake mbili hazifanani: upande mmoja hubana shaba, mwingine hukumbatia ganda kwa nguvu ndogo. Teminali ikiingizwa kinyumenyume, shaba hubaki imelegea na ganda hukatika. Kosa linaloonekana zaidi gerejini ni kuichukua krimpa hii ya rangi tatu na kubania teminali za mrija wazi. Mabawa hulala bapa badala ya kujikunja, nyuzi hutoka pembeni, na teminali iliyopanuka hukataa kuingia kwenye soketi. Fundi huilazimisha kwa bisibisi na kuivunja soketi isiyopatikana dukani.

Koti lenye gundi ya ndani, linalosinyaa kwa moto na kuziba maji, hufaa sana kwa taa za trela na nyaya za chini ya gari, mradi taya zisilitoboe. Mitambo ya ujenzi, ikiwemo ya Caterpillar, na malori mengi hutumia soketi za Deutsch zenye pini nzima zisizo na mabawa. Pini hizo hubanwa kwa vidole vinne vinavyochoma mrija kutoka pande nne, na chombo chake, HDT-48-00, hushughulikia pini za namba 12, 16 na 20. Fundi asiyegusa mitambo hana sababu ya kukinunua. Anayeigusa hana kibadala chake.

Baada ya taya, sifa inayofuata kwa uzito ni racheti. Krimpa yenye racheti haifunguki mpaka mzunguko wa kubana ukamilike, kwa hiyo uchovu wa mkono wa saa kumi jioni hauingii kwenye kiungo. Lazima iwe na kitufe cha kuifungua katikati ya safari, la sivyo teminali iliyokaa vibaya itaing'ang'ania mpaka ikatwe. Gurudumu dogo la kurekebisha nguvu ni la lazima pia. Mwili wa chuma uliokunjwa kwa tabaka hutosha. Kinachotakiwa ni taya zisizochezacheza zikifunguka. Zikifungwa polepole mbele ya mwanga wa dirisha, vitanda vyote vikutane kwa usawa, pasiwe na upande unaowahi. Krimpa za kubadilishwa taya, kama zile za Knipex ya Wuppertal, Ujerumani, na za Kichina zilizofuata mtindo huo, huokoa fedha za mwenye gereji kwa kuwa fremu moja huhudumia koo tatu au nne za teminali. Zile zinazodai kukata skrubu, kumenya ganda na kubana teminali kwa pamoja, zinazotolewa bure ndani ya boksi la teminali mia, zinaweza kukata waya. Matumizi yake yaishie hapo.

Krimpa bora haiwezi kuuokoa waya mbovu. Nyaya za magari ya Kijapani hupangwa kwa ukubwa wa milimita mraba 0.5, 0.85, 1.25, 2, 3 na 5, ilhali maduka mengi huuza kwa namba za AWG au kwa kukadiria kwa jicho. Waya wa 16 AWG una milimita mraba 1.31, wa 14 AWG una 2.08, kwa hiyo hukaribiana na 1.25 na 2 za Kijapani bila shida. Shida kubwa ni waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao umejaa sokoni, hasa kwenye seti za redio na spika. Ukinzani wake huzidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na alumini hulegea taratibu ndani ya mrija kadiri inavyopata joto na kupoa. Uzi mmoja ukikwanguliwa kwa wembe huonyesha weupe. Ukiwekwa kwenye mwali wa kiberiti cha gesi huyeyuka na kudondoka, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 na shaba kwenye 1,085.

Katika maduka ya Kariakoo na Gerezani, kama ilivyo Kirinyaga Road jijini Nairobi, krimpa nyingi hufanana kwa rangi ya mpini na kutofautiana kwa taya. Mnunuzi mwenye busara huenda na teminali zake mwenyewe, angalau za aina mbili anazokutana nazo zaidi, pamoja na vipande vya waya wa ukubwa unaojulikana, na huomba abane palepale kaunta. Muuzaji anayekataa amejibu swali. Kinachobanwa hutazamwa kwa vigezo vilivyoelezwa, kisha huvutwa. Kiwango cha Marekani cha UL 486A hutaka kiungo cha waya wa 14 AWG kihimili mvuto wa paundi 50, karibu kilo 23, na cha 16 AWG paundi 30, karibu kilo 13 na nusu. Kipimo hiki hakihitaji mashine. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito wa kilo 20 na ushei. Likining'inizwa kwenye teminali ya waya wa 14 AWG na kuachwa kwa dakika moja, kiungo kisipoliacha, krimpa imejieleza. Kwa waya mwembamba zaidi, maji hupunguzwa. Ikitokea waya umechomoka mzima kutoka kwenye mrija, taya ni kubwa au nguvu haikutosha. Ukikatika kwenye ukingo wa mrija, taya ni ndogo au racheti imekazwa kupita kiasi. Kwa kiungo kilichokwisha kufungwa ndani ya gari, mita hutumika badala ya dumu: mzigo ukiwa umewashwa, ncha moja ya mita huwekwa kwenye waya na nyingine kwenye teminali, na usomaji unapaswa kuwa milivolti chache.

Kebo za betri na stata, za milimita mraba 25 hadi 70, ziko nje ya uwezo wa krimpa yoyote ya mkono mmoja. Kuna chombo cha kugongwa kwa nyundo, ambacho hufaa kwa mtu anayebana lagi chache kwa mwaka akiwa na ubao mgumu chini yake. Gereji inayofunga betri za pili, inveta au winchi inahitaji presi ya haidroliki yenye taya za pembe sita. Presi za bei nafuu zinafanya kazi, lakini namba zilizochongwa kwenye taya zake si za kuaminiwa. Mara nyingi taya iliyoandikwa 35 huiacha lagi ya 35 ikizunguka kwenye kebo. Taya huchaguliwa kwa majaribio. Lagi ikitoa masikio ya chuma pembeni, taya ni ndogo. Ikizungushwa kwa mkono na kukubali, taya ni kubwa. Pakipatikana ukubwa unaobana bila masikio na bila mzunguko, namba halisi huandikwa kwa rangi kwenye taya yenyewe ili mwanagenzi ajaye asirudie jaribio. Lagi nayo iwe ya shaba nzito iliyopakwa bati, si bati jembamba lililokunjwa kuwa mrija.

Krimpa haidai matunzo mengi. Tone la mafuta kwenye pini za maungio hutosha, na vitanda vya taya hufutwa vumbi kwa brashi, bila grisi. Isitumike kushika nati wala kunyoosha misumari, kwa maana mkwaruzo mmoja ndani ya mfereji huonekana kwenye kila teminali itakayofuata. Kwa matumizi ya kila siku taya hulika, na dalili yake ya kwanza ni kimo cha mabawa yaliyobanwa kuongezeka. Kimo hicho hupimwa kwa maikromita katikati ya mabawa ya shaba na kulinganishwa na kilichoandikwa siku krimpa ilipokuwa mpya. Gurudumu la racheti huweza kufidia kwa muda. Likifika mwisho wake, taya hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa taya mpya ikikutana na iliyolika hubana upande mmoja na kuuacha mwingine wazi.